Mikono Ipo, Swali Liko Wapi?

Likitajwa somo la sayansi kwa vitendo, wengi huona mara moja chumba chenye meza ndefu, chupa za kioo, hadubini na umeme usiokatika. Kwa kipimo hicho Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema nchini Kongo, hazimo kabisa kwenye mazungumzo. Reli ya Kindu hadi Kongolo, iliyojengwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, inapita ng'ambo ya magharibi ya mto Lualaba. Barabara inayotoka Kivu kupitia Kabambare hugeuka tope mvua zikianza, na mizigo mingi husafiri juu ya baiskeli, kinga kama wasemavyo wenyeji, zikisukumwa siku nenda siku rudi. Anayesubiri maabara ifike kwa njia hiyo atasubiri sana. Nami nasema hakuna sababu ya kusubiri. Mtoto wa Kasongo hajakosa vitu vya kushika. Amekosa mtu mzima wa kumuuliza swali kuhusu kile alichokwisha kukishika, akamwacha alijaribu jibu lake mwenyewe na kuona kama linasimama au linaanguka.

Tazama kazi ambazo mtoto wa miaka 10 wa huku ameshaziona au kuzifanya. Ameona mpunga ukipandwa, ukivunwa, ukianikwa na kukobolewa, kwani Kasongo ni nchi ya mpunga tangu zama za Tippu Tip na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19. Amemsaidia mama kumenya mihogo na kuiloweka siku kadhaa mpaka ilainike. Ameona ngazi zikichemshwa na kukamuliwa, mafuta ya mawese yakipanda juu ya maji. Amekanyaga udongo wa matofali, ameona tanuri likiwashwa. Kila kazi hapo inaweza kujaza sura nzima ya kitabu cha sayansi. Lakini haiwi sayansi kwa sababu tu mtoto ameifanya. Mama akisema mihogo ilale majini siku tatu, mtoto hutii, na anafanya vyema kutii, maana mihogo michungu hutoa sianidi, sumu inayoweza kuua, na kuloweka ndiko kunakoipunguza. Kinachokosekana ni hatua ya pili. Kwa nini siku tatu na si moja? Vipande vidogo vitalainika kabla ya mhogo mzima? Maji ya ndoo yanafanya kazi sawa na maji ya kijito? Maswali hayo yanajibiwa kwa ndoo mbili na kisu, bila mtu kuonja chochote, kwa kubonyeza kidole kila asubuhi na kuandika kilichoonekana.

Mpunga unaonyesha jambo hili vizuri zaidi, kwa hiyo tukae nao kidogo. Kila mkulima anajua kuna punje zilizojaa na kuna mapepe. Mwalimu wa darasa la tano anaweza kulipatia kila kundi la wanafunzi konzi moja ya mbegu na bakuli la maji. Kabla mbegu hazijaingia majini, kila mtoto anaandika anachotarajia: zitaelea zote, zitazama zote, au zitagawanyika? Zikimwagwa, mapepe yanabaki juu. Wengi wangefungia somo hapo, na kumbe ndipo linapoanza. Mwalimu anaweka yai bichi katika maji yale, nalo linazama. Anatia chumvi kidogo kidogo huku akikoroga, mpaka yai linainuka lenyewe. Yai halikupungua uzito. Kilichobadilika ni maji. Mbegu zilizozama mara ya kwanza zikitiwa katika maji ya chumvi, baadhi zinaelea: hizo ni punje zilizojaa nusu, ambazo maji matupu hayakuweza kuzitenga. Wakulima wa Japani wamechagua mbegu kwa njia hii tangu karne ya 19.

Linabaki swali lenye thamani kubwa kuliko yote: je, ni kweli punje nzito huota vizuri kuliko nyepesi? Kulijibu kunadai nidhamu. Mbegu zote zioshwe chumvi. Zihesabiwe, 50 kwa 50. Udongo uwe mmoja, maji yawe kiasi kimoja, vyombo vikae mahali pamoja, kwa sababu kundi moja likipata jua na jingine likabaki kivulini, hakuna atakayejua kama tofauti imeletwa na mbegu au na jua. Siku zikipita wanahesabu miche, wanapima urefu kwa ujiti uliotiwa alama, wanachora. Humo mna hesabu ya asilimia, mna maarifa ya mimea, mna ile kanuni ya kuelea na kuzama, na mna jambo ambalo haliwezi kukaririwa: namna ya kupanga jaribio ili jibu lake liaminike. Makundi mawili yakipata majibu yasiyolingana, mwalimu asifadhaike. Hapo watoto watalazimika kutafuta nani alimwagilia zaidi, nani alihesabu vibaya, na hiyo ndiyo kazi ya sayansi yenyewe.

Uhandisi nao una nafasi yake, na hauhitaji vyuma. Watoto wakifinyanga matofali madogo kama kiberiti, mengine ya udongo mtupu, mengine ya udongo na mchanga, mengine yenye majani makavu, wakayakausha na kuyaangusha kutoka urefu mmoja, wamefanya upimaji wa vifaa vya ujenzi. Daraja la mitete kati ya madawati mawili, likining'inizwa kopo linalojazwa mchanga mpaka daraja livunjike, linawaonyesha kwa nini pembetatu hustahimili kuliko mraba. Kijiti kikiachiwa kijitoni na kupimwa kinachukua muda gani kupita mita 10, wamepata mwendo wa maji. Mwendo huohuo unaeleza historia yao: karibu na Kongolo, Lualaba inapenya katika mlango mwembamba wa miamba ambao Wabelgiji waliuita Portes d'Enfer, na maporomoko ya sehemu hiyo ya mto ndiyo yaliyozuia vyombo, hata ikabidi kujengwa reli ya kilomita 355 hadi Kindu. Mtoto aliyepima kijito chake anaifahamu reli hiyo kwa namna ambayo tarehe peke yake haiwezi kumpa.

Wako wanaopinga mbinu hii wakiwa na ushahidi mkononi, na lazima wasikilizwe. Mwaka 2004 watafiti wawili wa Marekani, David Klahr na Milena Nigam, walichapisha jaribio walilofanya na watoto wa darasa la tatu na la nne. Watoto walipewa miteremko na mipira, wakatafute ni nini kinachoufanya mpira ufike mbali. Kundi moja liliachwa livumbue lenyewe. Kundi la pili lilionyeshwa na mwalimu jaribio lililopangwa vizuri na lililopangwa vibaya, likaelezwa tofauti. Katika kundi hilo la pili, watoto 77 kwa kila 100 walimudu kupanga jaribio linalobadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Katika kundi lililoachwa huru walikuwa 23. Mwaka 2011 Louis Alfieri na wenzake walikusanya tafiti 164, wakakuta kwamba mtoto aliyeachwa peke yake na vitu hujifunza kidogo kuliko aliyeelezwa, lakini mtoto anayevumbua huku akiongozwa huwapita wengine wote. Baadhi ya watu hutumia matokeo haya kama hukumu dhidi ya vitendo. Mimi sioni hivyo. Makundi yote mawili ya mwaka 2004 yalishika mipira na miteremko ileile. Kilichoyatenganisha ni mwalimu. Ushahidi huu unaipa nguvu hoja ya Kasongo: kifaa bila swali na bila maelekezo hakifundishi, hata kiwe cha bei gani.

Bara letu lilishalipima jambo hili zamani. Baada ya mkutano uliofanyika Kano, Nigeria, mwaka 1965, ulianzishwa mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, ukaingia Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine zilizotumia Kiingereza. Masomo yake yalikuwa ya vitu vilivyo miguuni pa watoto: mbu, mbegu, maji ya dimbwi, hata yule mdudu mdogo anayechimba shimo mchangani kuwategea sisimizi. Eleanor Duckworth alipotumwa Kenya kuupima mpango huo, hakutegemea mtihani wa maandishi. Aliwaweka watoto mbele ya vitu mbalimbali akatazama watafanya nini navyo, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1978 alieleza kwamba waliopitia mpango walibuni mambo mengi zaidi na kuyafuatilia mbali zaidi kuliko wenzao. Kongo, iliyofuata Kifaransa, haikuwemo. Ufaransa yenyewe ilichelewa: ni mwaka 1996 ndipo Georges Charpak, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1992, alipoanzisha La main à la pâte, ambapo mtoto wa shule ya msingi hutabiri, hujaribu, hujadili na kuandika katika daftari lake la majaribio. Mwalimu wa Maniema anayesoma Kifaransa anaweza kuyatumia masomo hayo moja kwa moja, akibadilisha ngano kwa mpunga.

Tena kuna mfano wa Erasto Mpemba wa Tanzania. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, alitia maziwa ya moto kwenye friza akitengeneza aiskrimu, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na baadaye darasa likamcheka. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza tena mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, ambaye alikubali kwenda kulijaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wanafizikia wanabishana juu ya tukio hilo, na wengine wamelijaribu bila kuliona, lakini ubishi huo haupunguzi kitu. Wanafunzi wengi wa Magamba walitengeneza aiskrimu. Kazi ya mikono ilikuwa ya wote. Na kwa anayedhani sayansi ni mambo ya mbali, Kasongo yenyewe imo katika kumbukumbu zake: mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wadogo, uliofanywa kwa kuhesabu na kulinganisha watoto wa Kasongo.

Pingamizi zito kuliko yote halitoki kwa watafiti, linatoka kwa wazazi. Mzazi akiambiwa mwanawe ameshinda shuleni akikanda udongo, ana haki ya kukunja uso. Wakati wa Wabelgiji shule zilikuwa karibu zote mikononi mwa wamisionari wakisaidiwa na ruzuku ya serikali, na mpango wa elimu wa mwaka 1929 ulitilia mkazo kilimo na kazi za mikono. Mwafrika alifundishwa kushika jembe na randa. Milango ya chuo kikuu haikufunguliwa mpaka Lovanium ilipoanza mwaka 1954, na uhuru ulipofika mwaka 1960 Wakongo waliohitimu chuo kikuu hawakufika 30. Kisha ukaja utawala wa Mobutu na salongo, kazi ya lazima ya kila juma, nao wanafunzi wakabeba majembe. Watu waliopita katika hayo hawawezi kulaumiwa wakiona kitabu na kalamu ndiyo elimu, na mkono wenye tope ndiyo dharau. Hofu hiyo naiheshimu, na naamini ndiyo sababu mwalimu anapaswa kuwa mwangalifu sana. Kuna njia rahisi ya kutofautisha. Katika salongo jibu limeshajulikana na mtoto anatoa nguvu tu. Hakuna anayemuuliza anafikiri nini. Katika somo la kweli mtoto anatabiri, anaweza kukosea, anagundua kosa lake mwenyewe, na jioni daftari lake lina maandishi na michoro mingi zaidi kuliko siku aliyonakili ubaoni. Mzazi na aombe kuliona daftari hilo. Lisipokuwa na kitu, alalamike kwa sauti kubwa.

Kwa Kabambare hofu hiyo ina jina jingine: migodi. Namoya na Salamabila zinajulikana kwa dhahabu, na watoto wengi wa maeneo ya uchimbaji wanaijua karai kabla ya kujua kuandika sentensi nzima. Je, shule ikianza kuzungumza juu ya mchanga na karai haitakuwa inawasindikiza huko? Naona hatari kubwa iko upande wa pili. Shule isiyogusa chochote anachokijua mtoto inashindana vibaya na mgodi unaomlipa jioni ileile. Na yako mambo ambayo ni shule peke yake itakayomwambia. Dhahabu ina uzito wa mara 19 wa maji ya ujazo uleule, mchanga hauzidi sana mara mbili na nusu, na ndiyo maana karai ikizungushwa dhahabu hubaki chini. Hilo linafundishika darasani kwa sahani, mchanga na vipande vya misumari, bila mtoto kukanyaga shimo lolote. Zebaki inayotumika kuinasa dhahabu ikichomwa hugeuka mvuke usioonekana, unaoingia kwa pumzi na kuharibu ubongo na figo, hasa za watoto na za mimba. Aliyeelewa jinsi maji yanavyogeuka mvuke kwenye sufuria ataelewa onyo hilo haraka kuliko aliyepewa katazo tupu.

Yabaki matatizo ya kila siku, nayo ni ya kweli. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza kutekelezwa Septemba 2019, watoto waliofungiwa nje na karo waliingia kwa wingi, jambo la furaha kubwa, na madarasa yakafurika. Mwalimu mwenye watoto 80, ambaye pengine mshahara wake bado haujatoka Kinshasa, hawezi kuombwa kufanya jaribio kila siku. Wala haifai. Majedwali ya kuzidisha yanakaririwa, na yakaririwe. Masomo mawili ya vitendo kwa mwezi, bakuli moja kwa watoto wanane, wakubwa wakisimamia wadogo, yanatosha kubadilisha namna mtoto anavyosikiliza masomo mengine. Kelele zitakuwepo, na mkurugenzi wa shule anapaswa kuzivumilia. Jambo moja halina gharama hata kidogo: utabiri na ubishi wa watoto uwe kwa Kiswahili. Sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 imeruhusu lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia. Mtoto anayetafuta neno la Kifaransa hana nafasi ya kutafuta sababu. Ajenge hoja kwanza kwa lugha anayoifikiria, kisha mwalimu ampe istilahi za Kifaransa atakazokutana nazo mbele. Kufanya kinyume kunawanyamazisha wasichana na watoto wa vijijini kabla ya wengine wote, wakati wao ndio wenye ujuzi mwingi zaidi wa mihogo, maji na moto.

Wengine watasema sehemu iliyoonja vita, ambako vijiji vya Kabambare vimekimbia mapigano ya wanamgambo wa Mai-Mai mara kwa mara, ina mambo ya kutangulia kabla ya sayansi. Historia inawajibu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, UNESCO ilichapisha kitabu cha J. P. Stephenson cha mapendekezo kwa walimu wa sayansi katika nchi zilizobomolewa na vita, kikionyesha jinsi ya kutengeneza vifaa kwa makopo, chupa na waya. Kilipendwa hata kikapanuliwa kuwa kitabu kikubwa mwaka 1956, kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Yaani mbinu hii ilienezwa na shule zisizokuwa na kitu, kisha zile zenye mali zikaiiga.

Kizuizi ambacho hakiondolewi na bidii ya mwalimu ni mtihani. Darasa la sita huishia kwenye mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, na mwalimu mwenye akili hufundisha kile kitakachoulizwa. Maswali yakitaka majina na fasili, watoto watakariri majina na fasili, na bakuli la mpunga litaonekana kupoteza muda. Si lazima kungoja Kinshasa ibadilishe mtihani wote. Wakaguzi wa kusini mwa Maniema wanaweza kuanza na mitihani ya majaribio ya shule zao, wakiweka swali moja la namna hii: kundi la wanafunzi limepanda mbegu nzito 50 kwenye jua na mbegu nyepesi 50 kivulini, nzito zimeota 41, nyepesi 28, wanasema uzito wa mbegu ndio uliosababisha. Je, wana haki ya kusema hivyo? Kama hawana, wangefanya nini tofauti? Swali hilo huchapishwa kwenye karatasi ileile, kwa wino uleule, na mwaka unaofuata kila mwalimu wa wilaya atatafuta bakuli.